Kipimo cha Wanzagi

Juzi wajukuu zangu waliniwekea igizo kwenye televisheni. Ati ni la familia inayofanya kazi ya kuzika watu: baba na watoto wanagombania jengo, na marehemu wamelazwa chumba cha nyuma wamevalishwa suti. Nikatazama sehemu moja nzima, nikawa nangoja kitu kimoja, nisikione. Jeneza likaletwa limeshatengenezwa, marehemu akaingizwa, akatosha. Nikawaambia zimeni hicho kitu. Wakaniuliza, bibi, unaogopa maiti? Mimi niogope maiti, niliyeanza kuwashika nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilichowauliza ni hiki: huyu alipimwa na nani? Wakatazamana wakacheka.

Kwetu Mwisenge, hapa hapa Musoma, hakuna aliyeingia kwenye jeneza letu bila kupimwa. Baba yangu, Apolinary Masatu, alikuwa fundi wa majeneza, na nyumba nzima tulikuwa mafundi wake. Mama alishona sanda mpaka alipofariki. Kaka zangu walipasua mbao mpaka walipohamia Mwanza. Tukabaki mimi, Hyasinta, na baba.

Baba hakuamini futi. Alipimaga kwa kamba nyembamba ya katani. Anapiga fundo mwanzoni, fundo linakaa kwenye kisigino cha marehemu, kamba inavutwa hadi utosini, inakatwa hapo. Kamba hiyo ndiyo inapimia mbao. Jeneza likiisha, kamba inakatwa vipande viwili, inawekwa chini ya kichwa cha mwenyewe, ndipo kifuniko kinapigwa misumari. Kila marehemu na kamba yake. Baba alisema kipimo cha mtu kikibaki kizima juu ya ardhi kinamtafuta mwenyewe. Na kulikuwa na sharti la pili, ambalo hata sikuona haja ya kuambiwa: kamba haimpimi mtu aliye hai.

Mimi niliyavunja yote mawili kwa mtu mmoja, na mtu huyo nilimpenda.

Ilikuwa mwaka themanini na mbili. Msinisumbue na habari za maisha magumu ya siku hizi. Sisi tulipanga foleni duka la kaya kutwa nzima tukarudi na nusu mche wa sabuni. Misumari haikuwepo kabisa. Baba aliing'oa kwenye makasha na madau mabovu, mimi naikalisha juu ya jiwe naigonga mpaka inyooke. Watu walikuwa wanafungwa kwenye mikeka na kuzikwa hivyo hivyo, na waliotaka jeneza waliambiwa waje na ubao.

Siku moja mwezi wa tatu akaja mama mmoja kutoka Suguti, Jenoveva, mwembamba, mfupi, miguu ina vumbi mpaka magotini. Nyuma yake kijana mrefu. Mama akatueleza akiwa amesimama. Mwanawe wa kwanza, Makongoro, alikwenda vita vya Kagera mwaka sabini na tisa. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Barua hakuna, mwili hakuna. Miaka mitatu alikuwa anamwekea chakula cha jioni, asubuhi anawapa kuku.

"Nimechoka, fundi," akasema. "Nataka kumzika apumzike, na mimi nipumzike."

Kule kwao aliyepotea bila mwili anazikiwa mgomba. Unachimbwa, unakatwa majani, unavishwa nguo, unaliliwa kama mtu, unazikwa. Hilo tulilijua. Ambalo hatukuwahi kuliona ni mgomba kutafutiwa jeneza. Lakini Jenoveva alisema mwanawe alikufa kwa ajili ya nchi, hatazikwa kwa mkeka.

"Jeneza la urefu gani?" baba akauliza. "Mwanao mwenyewe simwoni."

Mama akamshika yule kijana begani. "Huyu mdogo wake, Wanzagi. Walikuwa wanavaliana suruali."

Baba akakataa. Alikataa kwa heshima, akakataa kwa ukali, mwisho akakataa kwa kunyamaza na kuranda ubao usio na kazi. Jenoveva akakaa chini kwenye maranda. Hakulia, hakubishana, alikaa tu mpaka jua likageuka. Baba hakuwahi kumshinda mwanamke aliyekaa. Akaniita pembeni akaniambia, mpime wewe, mimi mkono wangu usiwepo. Akatoka, akaenda zake kuelekea ziwani.

Nikamlaza Wanzagi kwenye benchi. Alikuwa akifanya kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na nyuzi za pamba zilikuwa zimemganda kwenye nyusi. Mama yake akatazama pembeni.

"Dada, usinibane mabega," akaninong'oneza. "Mimi nalalaga nimejitawanya."

Mimi nikacheka. Ndani ya karakana ya majeneza, mbele ya mama mwenye msiba, nikacheka. Nikaweka fundo kwenye kisigino chake, nikavuta kamba juu ya goti, juu ya tumbo lililokuwa linapanda na kushuka, hadi utosini, nikaikata. Nilikuwa nimepima watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na joto.

Mbao ilibidi baba azifuate Butiama kwa shemeji yake, akarudi na makasha mawili na mlango wa zamani. Ndiyo, mlango. Makasha yakawa ubavu, mlango ukawa kifuniko. Ulikuwa na tundu la kitasa, na baba alipoukata ili utoshe, tundu likaangukia karibu na kichwani. Akaliziba kwa kitambaa na gundi ya ngozi. Misumari ya kifuniko ilitosha mitano.

Siku ya mazishi baba alikuwa na homa, nikaenda Suguti mimi kufunga jeneza. Wazee walitaka kuukata ule mgomba chini, wautupe ule mzizi mnene, tunguu lake. Jenoveva akaushika kwa mikono miwili. "Mwanangu hazikwi bila miguu," akasema. Nani angembishia. Tukaulaza mzima, tunguu kwa miguuni, umevikwa shati la Makongoro na kitenge cha mama yake. Kaburi lilichimbwa kina cha kiuno, ardhi ya pale ni mawe, na tena mgomba haunuki.

Nikabaki na kamba. Nilitakiwa niikate, niiingize chini ya kitenge. Wanzagi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, anajifuta jasho kwa mkono. Nikaona kwamba ninayetaka kumkata ni huyu. Nikaingiza mkono mtupu kwenye jeneza, nikautoa mtupu, kamba ikabaki ndani ya khanga yangu. Nikapiga misumari mitano. Katekista Pastory akasali, watu wakalia, tukafukia.

Kuichoma kamba niliogopa. Kuitupa niliogopa zaidi. Kuiacha nyumbani kwa baba haikuwezekana, angeiona. Basi nikaivaa kiunoni, ndani ya nguo, kama shanga. Ilizunguka mara mbili na kidogo. Nisiwadanganye, sikuivaa kwa woga peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimevaa urefu mzima wa mtu niliyempenda.

Wanzagi alianza kuja Mwisenge kila Jumapili. Anakuja na dagaa, anakuja na salamu za uongo kutoka kwa watu ambao hawakutusalimia, mwisho akaja na wajomba zake. Baba akasema sawa, tukapangiwa harusi baada ya mavuno. Mwezi wa sita akaja amekonda. Nikamtania kwamba kiwanda kinamchambua yeye badala ya pamba. Hakucheka.

"Nabanwa, Hyasinta," akasema. "Hapa." Akazungusha mikono kiunoni kwake. "Nikilala ndiyo zaidi. Nashindwa kunyoosha miguu, kama kuna ubao."

 Ile kamba ilikuwa kiunoni mwangu wakati ananiambia hayo.

Nikaivua usiku ule ule, nikaificha kwenye dari. Jumapili iliyofuata alikuwa vile vile. Nikaivaa tena, vile vile. Hospitali walimpa dawa za malaria, za minyoo, za damu. Mwezi wa nane akaacha kazi Bunda, akarudi Suguti kwa mama yake, analala amejikunja, magoti kifuani. Mtu aliyeniambia analalaga amejitawanya.

Na huko Suguti kulikuwa na jambo jingine. Kichwani mwa lile kaburi palikuwa pametokea chipukizi. Mkulima yeyote angelijua hilo, mgomba uliofukiwa na tunguu lake unaota, na sisi sote tulikuwa wakulima, na hakuna aliyeliwaza. Lilianza kama ncha ya mkuki, likafunua jani moja, jani la pili. Jenoveva alilizungushia miiba mbuzi wasile. Akalimwagilia kwa maji aliyoyabeba kichwani. Kila asubuhi alikwenda akalisalimu kwa jina. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu: "Makongoro, umeamkaje?" Halafu ananyamaza muda wa mtu kujibiwa, anaitikia kwa kichwa, anarudi kupika uji.

Wanzagi alilitazama kupitia dirishani pale alipolala. "Lile linarefuka," akaniambia, "na mimi napungua."

Maneno yakafika mjini. Ati Apolinary Masatu alimpima mtu hai akamzika ndugu yake kwa kipimo hicho. Watu wakaacha kuja karakana, na waliopita njia yetu walihamia upande wa pili. Baba hakunilaumu, na hiyo iliniuma kuliko makofi. Alikaa na randa mapajani, mwisho akasema kuna dawa moja. Baba yake alimwambiaga: kamba ya mtu aliye hai ikiingia kaburini, kaburi lifukuliwe, kamba itolewe, mwenyewe alifungue fundo kwa mkono wake mbele ya watu. Fundo likifunguka, hakuna kipimo tena, ni kamba tu.

"Si niliiweka vipande viwili, baba," nikasema. Uongo huo ulinitoka bila kutafutwa.

"Chenye fundo ndicho kitolewe."

Sasa nioneni. Kamba haikuwa kaburini. Nikisema, kaburi halitafukuliwa bure, lakini mimi nitakuwa binti aliyevaa kipimo cha mwanaume kiunoni miezi yote hiyo huku mwanaume anakauka. Enzi zile sungusungu, walinzi wa vijiji waliowasaka wachawi, walikuwa hawaulizi mara mbili. Na hata wasingeniua, Wanzagi angejua, na nilivyokuwa namwona, angejigeuza ukutani akafa kwa kujua hivyo. Nisiposema, nitamfukulia Jenoveva kaburi pekee alilonalo, kwa kitu kisichokuwemo. Nililia mpaka nikatapika. Halafu nikaikata kamba katikati kwa kisu cha baba, nikaogopa sana wakati nakata, nikakivaa kile kipande chenye fundo.

Baba alipompelekea Jenoveva maneno hayo alikataa. "Nina kaburi moja tu," alisema. Siku nne baadaye Wanzagi akashindwa kukaa. Tukaitwa. Jenoveva alikuwa ameshatoa miiba mwenyewe, mikono imechanika.

"Chimbeni," akasema. "Ila atakayeitoa ni huyu binti. Mkono ulioiweka ndio uitoe."

Ilikuwa mchana, mawingu ya vuli yameshuka, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Wanzagi alibebwa na kitanda chake, akawekwa kando. Wanaume wakachimba kwa uangalifu kuzunguka lile chipukizi, na Jenoveva amepiga magoti, amelishika jani lake kama mtu anavyomshika mtoto mkono sokoni. Haukupita muda, jembe la mmoja likateleza kwenye jiwe. Likalikata. Chipukizi likatoa maji mengi, yakachuruzika juu ya udongo.  Jenoveva aliendelea kulishika lile jani.

Kifuniko kikatolewa. Chipukizi lilikuwa limepasua lile tundu la kitasa na kulipanua. Na ndani, jamani. Shati lilikuwa limeoza, mgomba wenyewe umekuwa uji mweusi, lakini kutoka miguuni lile chipukizi lilikuwa limetambaa gizani urefu wote wa jeneza likitafuta pa kutokea. Jeupe, nene, laini. Pale lilipogonga kifuniko lilikuwa limepinda juu kidogo, halafu likalala tena, likafika kichwani. Kama mtu aliyelala na goti moja limekunjwa. Nilimsikia Wanzagi akivuta pumzi.

"Ni hapo," akasema. "Hapo ndipo ninapobanwa."

Nikaingia shimoni. Nikapiga magoti, nikawapa watu mgongo, nikaingiza mkono mmoja kwenye uji ule wa baridi na mwingine chini ya nguo yangu. Kamba ilikuwa imekaa kiunoni miezi minane, ilikuwa imelainika kwa mafuta ya mwili. Nikaivuta. Nikainuka nikiwa nimeishika juu, na nilipoitazama nikajua nimekwisha. Ilikuwa safi. Mkono wangu una matope mpaka kiwikoni, na kamba ina weupe wa katani.

Hakuna aliyepata muda wa kuiona. Jenoveva alinirukia. Aliinyakua mkononi mwangu, akasimama nayo kama amepigwa na kitu, mara akaanguka nayo. Aligaagaa kwenye ule udongo mbichi, anaisugua kifuani, anaisugua chini, anaita Makongoro, Makongoro wangu, mpaka baba na Katekista Pastory wakamwinua kwa nguvu. Wanawake wote wakaanza kulia naye. Kamba ilipofika mkononi mwa Wanzagi ilikuwa ya matope tupu. Akahangaika na fundo, vidole havina nguvu, akalifungua kwa meno.

Alikula jioni ile. Ugali na sato, kidogo, halafu akaongeza. Asubuhi nikamkuta amelala amejitawanya, mguu mmoja nje ya kitanda. Nilikaa chini mlangoni nikalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa na woga ndani yake ambao haujatoka hadi leo. Kwa sababu sijui. Sijui kama ni kamba iliyombana, au ni kuona kaburi la urefu wake kila akifungua macho, au ni mimi. Kaburi lilifukiwa. Jenoveva alimwagilia pale wiki nyingi, halikuota tena kitu.

Tulifunga ndoa mwezi wa pili. Tukapata watoto watano. Mama mkwe hakuwahi kunisema vibaya hata neno moja. Alinisalimia vizuri, alinilelea watoto, na kila nilipompa kitu mkononi aliushika mkono wangu muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Nilidhani ni mapenzi tu.

Mwaka themanini na nane akaugua. Wakati huo ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia, malori yanashusha mitumba Musoma, misumari inauzwa kwa kilo, baba amepata hata vitambaa vya kung'aa vya kutandika ndani ya jeneza. Nilikwenda Suguti kumuuguza. Mchana mmoja Wanzagi alipokwenda kufuata maji, akanishika mkono.

"Hyasinta, ile kamba ilikuwa na joto."

Kwa mkono mwingine nikaanza kumnyoosha shuka. 

"Niliinyakua nikijua ndicho kitu cha mwisho kilicholala na mwanangu. Nikakuta ina joto la mwili wa mtu. Kaburini hamna joto."

"Mama," nikasema, "ungesema."

"Ningesema wangekuua pale pale, na yule kitandani angekufata. Ningebaki na nani? Mmoja nilikuwa nimeshamfukua." Akapumzika. "Nilikuchukia, lakini. Ujue hilo. Mwaka wa kwanza nilikuchukia sana."

Nikamwomba msamaha nikiwa nimeuinamia mkono wake. Hakuniambia amesamehe. Aliniambia nisimwambie Wanzagi, halafu akaniambia nitakapompima nimpime mwenyewe, asipimwe na baba.

"Na kamba yangu uiweke," akasema. "Yangu uiweke kweli."

Alifariki siku ya tatu. Alikuwa mfupi, kamba ilikuwa fupi. Tulimzika katika shimo lile lile, kwa misumari kumi na minne mipya. Wanzagi alilia sana, na mpaka leo, mzee mzima aliyejitawanya kwenye kochi langu anasinzia mbele ya televisheni, hajui mama yake alimlipia nini. Nimekaa naye miaka yote hii, na kila akigeuka kitandani usiku akakunja magoti, mimi naamka.

Siku ile kabla ya kufunga kifuniko niliikata kamba ya Jenoveva vipande viwili mbele ya watu wote, nikaiingiza chini ya kichwa chake. Baba akanipa nyundo. Nikamrudishia, nikaingiza mkono mara ya pili, nikaitafuta mpaka nikaipata. Ilikuwa baridi.